Ukuta, Bustani na Sikio Lililozoea

Mara ya kwanza kutazama The Zone of Interest nilidhani kompyuta yangu imekufa. Skrini nyeusi tii, muziki wa Mica Levi ukivuma kama kitu kinachozama, na picha haiji. Nikaanza kubonyezabonyeza. Kumbe mwelekezi, Jonathan Glazer, alikuwa amenifunga macho makusudi ili masikio yaamke kwanza.

Wengi wetu vita tulivijulia kwenye kibanda cha video: risasi, damu, dijei akitia chumvi, watu wakishangilia. Hata Saving Private Ryan (1998), na kamera yake inayotetemeka kwenye ufuo wa Omaha, bado inasisimua. Unaogopa, lakini hubanduki. Filamu ya Glazer ya 2023 haikuonyeshi mauaji hata mara moja.

Inaikalia familia ya Rudolf Höss, kamanda wa kambi ya Auschwitz. Nyumba yao imepakana na kambi, katikati ni ukuta. Upande huu kuna maua, watoto, kidimbwi cha kuogelea. Upande wa pili tunausikia tu: risasi, mbwa, mayowe, na chini ya yote ngurumo isiyokatika ya matanuri. Sauti hizo ziliwapa Johnnie Burn na Tarn Willers tuzo ya Oscar. Kamera nazo zilifichwa humo nyumbani, mafundi wakakaa mbali, kwa hivyo hakuna anayekuonyesha uhisi nini wala wakati gani. Hedwig, mke wa kamanda, anajaribu koti la manyoya lililotoka kambini. Mfukoni anakuta lipstiki ya mwenyewe. Anajipaka. Basi, hakuna zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa nimeshaweka chai chini.

Lakini kilichonitisha kilitokea kwangu, si kwenye skrini. Katikati ya filamu niligundua nimeacha kusikia. Aliyewahi kuishi karibu na baa anajua: wiki ya kwanza hulali, ya tatu huulizi. Wakati huo Höss anapewa uhamisho na Hedwig hataki kuhama, na mimi, wueh, nikajikuta namwonea huruma asije akapoteza bustani yake! Nikarudisha nyuma dakika kumi. Mayowe yalikuwepo muda wote.

Ndiyo maana mhusika ninayemkumbuka zaidi ni mama yake Hedwig, aliyekuja kutembea tu. Mchana anasifu maua. Usiku anaona moto dirishani, na asubuhi kitanda ni kitupu. Ameacha barua, ambayo bintiye anaisoma na kuichoma. Sikio lake lilikuwa bado geni.

Zile picha za usiku za msichana anayewafichia wafungwa matunda, zilizopigwa kwa kamera ya joto, hazikunishika sana. Naona kama Glazer alituhurumia hapo, na sikutaka kuhurumiwa.

Karibu na mwisho tunarushwa hadi leo, ndani ya jumba la makumbusho la Auschwitz. Wafanyakazi wanafagia, wanasugua vioo. Nyuma ya kioo kuna lundo la viatu. Kinachosikika ni mashine ya kusafishia sakafu, na nilishtuka kuona nimeinua mkono kupunguza sauti.