Kidole Kabla ya Sindano

Sista hagusi sindano kwanza. Anavuta kiti, anakaa, anaushusha mkono wa bibi chini ya usawa wa moyo na kuuacha uning'inie kidogo ili damu ijae.

Mpira anaufunga sentimita 7 hadi 10 juu ya sehemu anayoikusudia. Anaukaza kiasi cha kuizuia damu ya vena isipande, lakini mapigo ya kifundo cha mkono lazima yaendelee kusikika.

Ndipo kidole cha shahada kinapoanza. Si gumba, maana gumba lina mapigo yake na huweza kumpotosha. Anabonyeza, anaachia, anabonyeza tena, bila kusugua. Mshipa mzima hubonyea na kurudi juu. Kano haibonyei. Ateri hudunda. Mshipa uliochoshwa na dripu nyingi huwa mgumu kama kamba, na bahati mbaya ndio unaoonekana vizuri zaidi. Wanafunzi wengi huukimbilia. Akikuta kijifundo, anajua ni vali, anakiacha na kuendelea mbele, akipima mshipa umenyooka mpaka wapi.

"Mishipa yangu imekimbia, mwanangu," bibi anasema.

"Haijakimbia, bibi. Imejificha tu."

Dakika moja haijaisha, anaulegeza mpira. Anaufunika mkono kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kusubiri. Benchi la nje limejaa, na mtu mwingine, mimi nikiwamo, angekwisha kuchoma kwa kubahatisha. Yeye anamuuliza bibi habari za wajukuu.

Anafunga tena. Safari hii kidole kinasimama kwenye kigasha, upande wa gumba, mahali ambapo jicho halioni kitu. Anakariri kidoa cha ngozi kilicho jirani, anavaa glavu, anapaka spiriti, anaiacha ikauke. Pale hapagusi tena.

Kanula ni ya buluu, ile nyembamba. Kwa mkono wa kushoto anaivuta ngozi ili mshipa usiteleze, na sindano inaingia ikiwa imelala. Damu inapochungulia anailaza zaidi, anaisogeza kidogo, kisha anausukuma mrija wa plastiki peke yake. Mpira unafunguliwa kabla sindano haijatoka.

Mshipa wa kiwiko, ulio mnene kuliko yote, hakuugusa. Bibi angekunja mkono tu, dripu ingesimama. Tena huu wa chini ukiharibika, wa juu bado upo.