Kazi, Kani na Uga: Uhakiki wa Lugha ya Hesabu za Umeme

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksrei itokayo angani. Ilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kiswahili kilitoa jina. Elimu yenyewe ilibaki katika lugha nyingine. Hata leo mwanafunzi wa sekondari wa Barani husoma fizikia kwa Kiingereza. Hudaiwa mara nyingi kuwa sababu ni uhaba wa istilahi. Hesabu ya kazi inayofanywa na uga sare wa umeme yaonyesha kuwa dai hilo halitoshi.

Istilahi zipo. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na maneno kama kani, chaji na uga yamekwisha kuzoeleka. Uga, yaani uwanja ulio wazi mbele ya nyumba, ni neno zuri, ingawa uga wa nyumbani haumsukumi apitaye, ilhali uga wa umeme huisukuma kila chaji iliyomo. Sare nalo lafaa: kama nguo za sare arusini, kila mahali kani ina ukubwa ule ule na mwelekeo ule ule.

Kasoro imo katika sentensi. Tafsiri ya neno kwa neno huzaa "kazi iliyofanywa juu ya chaji", na msomaji hubaki akijiuliza ni juu wapi. Ikisemwa "uga umeifanyia chaji kazi", kauli ya kutendea huleta maana ya utumishi, kana kwamba uga ni kibarua wa chaji. Iliyo wazi zaidi ni "kazi ya uga katika kuisogeza chaji": mtenda na mtendwa wote wajulikana.

Tatizo jingine ni neno kazi lenyewe. Mgema wa Kilifi atembeaye na kibuyu kilichojaa kutoka mnazi hadi mnazi huona kuwa anafanya kazi. Katika fizikia, mvutano wa dunia haufanyi kazi yoyote katika kukihamisha kibuyu hicho, madhali hakikupanda wala kushuka. Akikwea mnazi ulionyooka au ulioinama, vilele vikiwa na kimo kimoja, hesabu ya kibuyu ni moja.

Ndivyo ilivyo kwa chaji. Hutazamwa umbali iliosogea kwa kufuata mwelekeo wa uga, si urefu wa njia. Katika uga wa nyutoni 2000 kwa kila kulombi, chaji chanya ya mikrokulombi 3 husukumwa kwa kani ya nyutoni 0.006. Ikisogea mita 0.05 kuufuata uga, kazi ya uga ni juli 0.0003, ikirudi kinyume, kazi hiyo ni hasi, ikiukata uga kwa pembemraba, ni sifuri. Mfano wa mgema wakomea hapo, kwani chaji hasi husukumwa kinyume cha uga, na hapana kibuyu kiangukacho kuelekea juu.

Yafaa basi kila istilahi iambatane na sentensi ya mfano iliyokwisha kujaribiwa mbele ya wanafunzi. Bila hivyo, kamusi zitaongezeka na fizikia itaendelea kuelezwa kwa lugha nyingine.