Vijiwe vya Sayyidna Umar na Michezo ya Vita Kwenye Simu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, ukipita Zuzu, pembezoni mwa jiji la Dodoma, baada ya swala ya Isha, utawakuta vijana watano au sita wamekaa kwenye baraza ya duka. Kila mmoja ameilaza simu yake ubavu, vidole gumba viwili juu ya kioo, waya masikioni. Hawatazamani, lakini wanazungumza pamoja kwa sauti ya haraka: “Nyuma yako! Dirishani! Nimeanguka, njoo uniinue!” Mzee anayepita hutikisa kichwa na kuomba hifadhi ya Mungu. Baadhi ya vijana hao walisoma madrasa yetu na wamehifadhi juzuu kadhaa. Safu ya kwanza msikitini hatuwaoni tena.

Kuhusu michezo hii tumesikia khutba nyingi. Imesemwa kwamba vijana wamependa damu, kwamba ni wavivu, na kwamba hii ni njama ya maadui wa dini. Huenda kila kauli ina chembe ya ukweli. Lakini tabibu akikosea kuutambua ugonjwa, dawa yake nayo hukosea. Kabla ya kukemea ni wajibu tuulize swali ambalo mimbari haijaliuliza: kijana huyu anapenda nini hasa ndani ya mchezo huu?

MCHEZO WENYEWE

Maulamaa wa usuli wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Basi tukieleze kwanza.

Michezo inayochezwa sana kwenye simu ni PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile, iliyotoka mwaka 2018 na 2019, pamoja na Free Fire iliyotangulia mwaka 2017 na ambayo hukubali hata simu ya bei nafuu. Asili yake iko kwenye kompyuta. Counter-Strike, uliouzwa tangu mwaka 2000, uligawa wachezaji pande mbili: magaidi na wanaopambana nao. Mwaka 2007 ukatoka Call of Duty 4: Modern Warfare, ambao ulimpa mchezaji alama kwa kila alilofanya na kumpandisha daraja hatua kwa hatua, huku akifunguliwa silaha mpya. Utaratibu huo umeigwa na karibu michezo yote iliyofuata.

Katika PUBG wachezaji hadi 100 hushuka kwa miavuli kutoka kwenye ndege hadi kisiwani. Hawana kitu mikononi. Huokota silaha majumbani, na eneo la usalama hupungua kidogo kidogo mpaka wakutane. Anayebaki mwisho, au kikosi kinachobaki mwisho, ndicho kilichoshinda. Wengi hucheza kwa vikosi vya watu wanne. Wenzi wa kikosi kwa kawaida ni watu halisi: mmoja yuko Zuzu, mwingine Area C, wa tatu pengine Mombasa au Muscat.

WANAPENDA NINI?

Waulize wenyewe kwa upole na uwasikilize. Majibu yao, ukiyakusanya, yanarudi kwenye mambo manne.

La kwanza ni kuhitajiwa. Katika kikosi cha watu wanne kila mmoja ana kazi. Mmoja anatazama mbali, mmoja anatangulia, mmoja anabeba dawa. Akikosekana mmoja, watatu wanahisi pengo. Kijana ambaye mchana kutwa hakuna aliyemwita kwa jina lake, usiku anaitwa na watu watatu kwa pamoja.

La pili ni kuinuliwa. Mchezaji akipigwa katika kikosi hafi papo hapo. Anaanguka na kutambaa, na mwenzake ana muda mchache wa kumfikia na kumwinua. Mwenzake huyo huhatarisha ushindi wake mwenyewe kwa ajili yake. Jambo hili ndilo wanalolisimulia asubuhi kuliko idadi ya waliowapiga.

La tatu ni kuona maendeleo. Mchezo unamwambia kila siku: jana ulikuwa hapa, leo umefika hapa. Akikosea anajua amekosea wapi na anaanza upya baada ya dakika chache. Hakuna anayemkumbusha kosa la mwaka jana.

La nne ni hofu isiyodhuru. Moyo unadunda, mikono inatoka jasho, kisha anazima simu akiwa salama. Mwanadamu ameumbwa na mvuto huo. Watoto wa wafugaji wa Kigogo huchezeana fimbo machungani, na watoto wa pwani hupiga mbizi mahali mama zao walipowakataza.

Katika mambo hayo manne, ndugu msomaji, damu iko wapi? Wachezaji wazoefu wengi huacha hata kuitazama. Tukimwambia kijana kuwa anapenda kuua, anajua moyoni mwake kuwa tumekosea. Akishajua tumekosea katika hilo, hatatusikiliza tutakaposema la kweli.

SHERIA NA MICHEZO YA SILAHA

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akamsitiri Bi. Aisha (R.A.) huku akitazama mpaka alipotosheka. Katika mapokezi ya Abu Huraira (R.A.), Sayyidna Umar (R.A.) aliingia, akaona, akainama kuokota vijiwe awarushie. Mtume (S.A.W.) akamtaka awaache.

Tuzingatie. Umar alikuwa na ghera ya kweli na alitaka kuilinda heshima ya msikiti. Hata hivyo alikatazwa, kwa sababu hakuwa amelipima alilokuwa analiona.

Imepokewa tena na Bukhari kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale. Akawahimiza warushe, akiwakumbusha kuwa baba yao Ismail (A.S.) alikuwa mrushaji, kisha akasema yeye yuko pamoja na kundi mojawapo. Kundi la pili likasimamisha mikono. Alipowauliza, wakasema watarushaje na hali yeye yuko upande wa wenzao. Hapo akawaambia warushe, naye yuko pamoja nao wote.

Haya ni mashindano ya vikosi viwili, ya silaha, yenye furaha, na Mtume (S.A.W.) aliingia ndani yake. Fukahaa wetu wa madhehebu ya Imam Shafi waliyatengea mlango kamili wa mashindano ya mbio na kulenga shabaha, na utaukuta katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria). Basi raha ya kushindana kwa silaha si ugeni katika dini.

Atasema msemaji: mshale ulimwandaa mtu kwa vita, simu haimwandai kwa lolote. Ni kweli, na kwa hiyo mchezo wa simu hauwezi kupewa fadhila za mshale. Kipimo chake cha karibu zaidi ni sataranji, mchezo wa vita vya mbaoni wenye wafalme, farasi na askari wa miguu. Maulamaa walihitilafiana juu yake. Imam Malik na Imam Ahmad waliuharamisha. Madhehebu ya Shafi waliona ni makuruhu, kwa kuwa unategemea fikra, tofauti na nardi inayotegemea bahati ya dadu, ambayo waliiharamisha. Lakini waliweka mipaka: ukiingia dau, ukimfanya mtu aikose swala, au ukaandamana na ulimi mchafu, basi hapo ni haramu. Mipaka hii mitatu inatosha kuupima mchezo ulio mikononi mwa vijana wetu.

MCHEZO UNAPOANGUKA

Tuanze na swala. Mchezo wa mtu mmoja unaweza kusimamishwa. Huu wa vikosi hausimami, kwa sababu watu wengine wako ndani. Duru moja ya PUBG inaweza kufika nusu saa. Ikiadhiniwa Magharibi katikati ya duru, kijana anabaki baina ya adhana na wenzake watatu wanaomtegemea, na jambo lile lile tulilolisifu, yaani kuhitajiwa, ndilo linalomfunga mguu.

Hapa na tuikumbuke aya ya 102 ya Surat an-Nisaa. Mwenyezi Mungu (S.W.) aliweka utaratibu wa swala ya khofu: kundi moja liswali na Mtume (S.A.W.) wakiwa na silaha zao, kundi jingine lilinde, kisha wabadilishane. Adui alikuwa mbele, panga ni za chuma, na aliyekufa hakuinuka. Swala haikuanguka, wala jamaa haikuanguka. Je, vita vya kweli vishindwe kuiangusha swala, kisha vita vya kioo viiangushe? Hoja hii kijana ataielewa kuliko khutba kumi juu ya njama za maadui, kwa kuwa inasema naye kwa lugha ya kikosi.

Pili ni dau. Mchezo hutolewa bure, lakini kampuni hujipatia fedha kwa kuuza vito na sarafu za mchezoni, kama almasi za Free Fire. Kwazo mchezaji hufungua masanduku ambayo hajui ndani yake kuna nini: pengine vazi la nadra, pengine takataka. Fedha ni halisi na kinachopatikana ni bahati. Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa fiqhi, iliyahesabu masanduku ya namna hii kuwa kamari mwaka 2018. Hapa sataranji imegeuka nardi, na wala haihitaji kijana amwage damu yoyote.

Tatu ni ulimi. Anayesikiliza matusi yanayopita katika waya zile hahitaji maelezo zaidi.

Liko na la nne, ambalo fukahaa wa zamani hawakulikuta katika sataranji: sura ya adui. Askari wa mbaoni hana kabila. Katika michezo ya vita vya kisasa, mara nyingi mtaa unaoshambuliwa una kuta za rangi ya mchanga, matao na maandishi ya Kiarabu. Hadithi ya Call of Duty 4 yenyewe inampeleka mchezaji katika nchi ya Mashariki ya Kati isiyotajwa hata jina. Mwaka 2012 ramani moja ya mchezo uliofuata iliondolewa baada ya Waislamu kulalamika kwamba maneno ya hadithi juu ya uzuri wa Mwenyezi Mungu yamewekwa kwenye fremu iliyotundikwa chooni. Novemba 2021 kampuni hiyo hiyo iliomba radhi kwa kurasa za Qur'an zilizoonekana zimetupwa sakafuni katika Call of Duty: Vanguard. Na Juni 2020 PUBG iliondoa kipengele ambacho mchezaji alisujudia sanamu ili apewe nguvu. Kijana wa Kiislamu anapoizoea mitaa hiyo kupitia mtutu wa bunduki, anafunzwa kuwatazama ndugu zake kama shabaha.

Pamoja na hilo, kifo pale hakina gharama. Qur'an katika Surat al-Maidah, aya ya 32, imelifanya jambo la kuua nafsi moja bila haki kuwa sawa na kuua watu wote. Mchezoni nafsi ni alama. Hatusemi kwamba mchezaji atatoka barazani akaue. Hilo hatuna ushahidi nalo. Tunasema kwamba wanaotafuta vijana kwa ajili ya vita wanaijua kiu iliyo ndani yao. Jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake, America's Army, bure kuanzia Julai 2002 hadi ulipofungwa mwaka 2022, kwa lengo la kuwavutia vijana waandikishwe. Na karibu nasi, ng'ambo ya mto Ruvuma, vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Anayemwahidi kijana udugu, daraja na jina la ushujaa hukuta mlango wazi pale ambapo sisi hatukumpa chochote kati ya hayo.

TUFANYE NINI?

Irak ilipiga marufuku PUBG Aprili 2019, Jordan ikafuata Julai, na baraza la maulamaa wa Aceh, Indonesia, likatoa fatwa ya kuharamisha mwaka huo huo. Tunaheshimu ijtihadi yao. Lakini marufuku haijibu swali la kiu.

Tunaloliona, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ni kwamba hukumu ya mchezo huu iende kwa ufafanuzi. Masanduku ya bahati ni kamari na ni haramu. Duru inayopitisha wakati wa swala ni haramu kuianza kwa anayejua haitakwisha. Palipo na kusujudia sanamu au kudharauliwa Qur'an, hapana ruhusa kabisa. Kilichobaki, kama muda ni mchache na ulimi ni safi, ni kama sataranji kwa madhehebu yetu: bora kukiacha, wala hatumwiti kijana fasiki kwa ajili yake.

Kisha tujihukumu sisi. Kijana wa Zuzu msikiti unamhitaji lini? Tunamwita siku ya kuchimba kaburi na siku ya kubeba maturubai ya Maulidi. Akikosea tajwidi mbele ya watu tunamkemea mbele ya watu. Akipanda kutoka Juzuu Amma hadi Tabaraka hakuna anayelitaja. Mchezo umempa kikosi, daraja na mtu wa kumwinua akianguka. Vitu hivyo vitatu ni vya msikiti tangu asili, na tumeviacha barazani vikaokotwa.

Tuanze na kidogo: vijana wapangwe wanne wanne, kila kikosi kisimamiane swala ya Alfajiri, kihifadhi pamoja, kishindane na kikosi kingine, na baada ya Alasiri kicheze mpira uwanjani. Anayekosekana, wenzake wamfuate nyumbani. Aliyeanguka ainuliwe. Na imamu, kabla hajainama kuokota vijiwe, akae nao barazani usiku mmoja na asikilize wanaitana vipi.

Wabillahi tawfiq.