Mac na PC: Kompyuta Inapohamia Ngeli ya A-WA

Popote wanafunzi wanapokutana na vipakatalishi vyao, au kompyuta mpakato kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, mjadala wa Mac na Windows haukosi kuzuka. Ukisikiliza kwa makini utagundua kuwa mara nyingi hawabishani juu ya mashine bali juu ya watu. Mwenye Mac huonekana mjanja, au mwenye kujisikia. Mwenye Windows huonekana mtu wa kawaida, mshamba kidogo. Fikra hizi hazikujizukia zenyewe. Zilitungwa, na miongoni mwa kazi zilizozieneza kwa ustadi mkubwa ni mfululizo wa matangazo ya televisheni ya kampuni ya Apple yaliyorushwa Marekani kuanzia 2006 hadi 2009. Makala haya yanakusudia kuyahakiki matangazo hayo kama tunavyohakiki tamthilia fupi.

Mfululizo huo ulikuwa na matangazo 66, na mwongozaji wake alikuwa Phil Morrison. Mandhari ni meupe matupu: hakuna meza, hakuna kiti, hata kompyuta yenyewe ni nadra kuonekana. Wamesimama wanaume wawili tu. Mmoja, John Hodgman, ni mnene kiasi, kavaa suti na miwani. Mwingine, Justin Long, ni kijana mwembamba aliyevaa kienyeji. Kijana anajitambulisha kuwa yeye ni Mac, naye mwenye suti anasema yeye ni PC. Kisha kisa kinaanza, na kabla mtazamaji hajatulia kimekwisha.

Mbinu kuu hapa ni tashihisi, na Kiswahili kinaifichua vizuri kuliko Kiingereza. Katika lugha yetu tunasema kompyuta imepata virusi. Nomino iko katika ngeli ya I-ZI. Katika tangazo mojawapo la mwaka 2006, PC anapiga chafya kwa mafua, anataja virusi 114,000 vinavyojulikana vya kompyuta za aina yake, kisha anaanguka. Ukilisimulia tangazo hilo kwa Kiswahili huna budi kubadili upatanisho: PC *ameugua*, PC *ameanguka*. Kifaa kimehamia ngeli ya A-WA. Kwa Kiingereza uhamisho huo haujitokezi waziwazi katika kitenzi, hivyo mtazamaji anaweza kuumeza bila kuutafuna.

Hatua ya pili ina athari zaidi. Kifaa kikishakuwa mtu, mtu naye anaalikwa awe kifaa. Kiswahili hutofautisha *nina Mac* na *mimi ni Mac*. Kauli ya kwanza ni ya umiliki, nayo unaweza kuikanusha kesho ukiuza mashine. Ya pili ni ya utambulisho. Tangazo linafuta mpaka huo, na mnunuzi anajikuta hachagui tena chombo cha kazi bali anachagua awe nani. Kuna ujanja mwingine katika jina lenyewe: PC ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kompyuta binafsi, na Mac nayo ni kompyuta binafsi. Apple ilichukua jina la jamii nzima ikalibandika kwa mpinzani, kana kwamba yeye peke yake ndiye wa ofisini na wa mahesabu.

Hata hivyo, kisanaa tamthilia hii ina ufa. Mhusika aliyekusudiwa kudharauliwa ndiye aliyejengwa kwa undani. PC anaota, anaficha aibu, anajaribu tena na kushindwa. Mac hana kasoro, na kwa hiyo hana kisa; kazi yake ni kusimama na kuhurumia. Mwanafunzi yeyote wa fasihi anajua huruma ya hadhira huenda upande gani. Nilipoyatazama mfululizo, nilimkumbuka Hodgman kuliko Long.

Microsoft ilijibu mwaka 2008 kwa kuonyesha watu wa kazi mbalimbali, kila mmoja akijivunia kuwa PC. Jibu hilo lilichangamsha, lakini lilikubali sarufi ya mpinzani: bado mtu *ni* kifaa. Mwaka 2009 ilirusha tangazo la msichana aliyepewa dola 1,000 atafute kipakatalishi chenye skrini ya inchi 17. Anatoka katika duka la Apple akisema hana umaridadi wa kutosha kuwa mtu wa Mac, kisha ananunua HP kwa chini ya dola 700. Hoja ya bei ilikuwa na nguvu. Lakini kwa kauli ile moja, Microsoft ililipia tangazo lililothibitisha dai la Apple kuwa Mac ni ya watu maridadi.

Mwaka 2021 Justin Long alionekana tena katika matangazo, safari hii ya kampuni ya Intel, akizisifu kompyuta za Windows dhidi ya Mac. Aliyekuwa *ni* Mac alikuwa ameajiriwa tu.

Haya yanatuhusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda. Yupo mwanafunzi anayekopa ili apate nembo ya tufaha, ilhali kazi zake ni kuchapa insha na kusoma tasnifu. Yupo mwingine anayeona haya kufungua mashine yake nzito mbele ya darasa, ingawa inafanya kazi hizo bila tatizo. Wote wawili wamekubali kuwa *ni*. Wangeuliza: inagharimu kiasi gani, betri inakaa saa ngapi umeme ukikatika, fundi yuko wapi, na inazungumza lugha gani? Swali hilo la mwisho halikuulizwa katika matangazo niliyoyataja. Ilhali mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili kwa Office 2003.

Napendekeza matangazo haya yaingizwe katika somo la uhakiki. Mwanafunzi ayasimulie kwa Kiswahili na kupigia mstari kila mahali I-ZI inapogeuka A-WA. Akimaliza, aandike sentensi moja kuhusu kompyuta yake mwenyewe, kwa kutumia *nina*.