Insha Isiyo na Msomaji

Kuandika ni kusema na mtu asiyekuwapo. Asemaye kwa kinywa ana uso wa msikilizaji mbele yake. Humwona akikunja kipaji, akitabasamu, au akigeuka kwenda zake, naye huyageuza maneno yake kwa kadiri ya alama hizo. Aandikaye hana msaada huo. Yampasa amwone msomaji kwa moyo, na kumketisha mbele ya karatasi kabla ya kutia wino. Uwezo huu wa kumwona mtu asiyeonekana ndio msingi wa uandishi wa daraja ya juu. Sarufi, hijai na msamiati ni watumishi wake. Nia ya makala haya ni kupima jinsi utungaji unavyofundishwa katika shule za sekondari za Kenya, na kutoa hoja moja tu: kwamba tunawafundisha vijana kila kitu cha insha isipokuwa mtu wa kumwandikia.

Tuutazame mtihani kwanza, kwa sababu darasa hufuata mtihani kama kivuli kifuatavyo mtu. Mtihani wa kidato cha nne, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, umetenga karatasi nzima ya Kiswahili kwa insha. Mtahiniwa hupewa saa moja na dakika 45. Hutunga insha mbili, wala kila moja haitakiwi kupungua maneno 400. Swali la kwanza ni la lazima, nalo aghalabu huomba barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu za mkutano. La pili huchaguliwa katika matatu yaliyobaki, na miongoni mwake kwa kawaida imo methali ya kutungiwa kisa, au maneno ya kuanzia kisa au kukimalizia. Kila insha ina alama 20, zilizogawanywa katika viwango vinne vya alama tano tano.

Mpango huu una heshima yake. Taifa lililoipa insha karatasi yake peke yake halikuidharau kalamu. Lakini na tufanye hesabu ndogo. Dakika 105 kwa maneno 800 ni dakika 52 na nusu kwa kila insha, na ndani ya muda huo mna kusoma swali, kufikiri, kupanga na kuandika. Hapana nafasi ya kuandika mara ya pili. Kwa mtihani huenda jambo hilo halina budi. Kwa elimu ni hasara kubwa, maana darasa limechukua haraka ya siku moja ya mtihani likaifanya desturi ya miaka minne. Kijana huondoka shuleni akiamini kwamba utungaji ni kile kitokacho kwanza, na kwamba kalamu ikisharudi mfukoni kazi imekwisha.

Mtu aliyeharakishwa hushika kilicho karibu. Kwa hiyo mwanafunzi huingia chumba cha mtihani na akiba ya maneno yaliyokwisha kushonwa. Kisa chake huanza alfajiri, majogoo yakiwika, hata kama swali ni la ajali ya saa tisa za mchana. Anayekimbia hukimbia miguu niponye. Anayelia hulia machozi njia mbili mbili. Na wahenga, masikini, hawaachwi wakapumzika makaburini, bali huitwa katika kila aya kuthibitisha kwamba hawakukosea. Kila moja ya semi hizo ilikuwa hai siku ya kwanza iliposemwa. Mtu aliyebuni kwamba miguu inaombwa iponye alikuwa ameona mtu akikimbia. Kijana anayeirudia hakuona mtu yeyote; ameona alama.

Nimesoma kazi nyingi za vijana waingiao chuo kikuu na kiwango cha juu cha Kiswahili, na alama ya malezi haya haifichiki. Wanajua maneno mengi. Ukiwauliza, “Unamwambia nani haya?” hushangaa, kama mtu aliyeulizwa jina la kivuli chake. Wamezoea kumwandikia msahihishaji, na msahihishaji si msomaji. Msomaji hutaka kujua jambo. Msahihishaji analijua tayari. Msomaji aweza kukataa kushawishika; msahihishaji hakuja kushawishiwa, amekuja kupima. Mbele ya mtu wa namna hiyo hoja haina kazi, basi pambo huchukua mahali pake.

Chukua barua ya kumwandikia mhariri wa gazeti. Mwanafunzi hujua mahali pa anwani mbili, mahali pa tarehe, mtajo, na mstari wa mada chini ya herufi KUH. Haya ni adabu ya barua, nayo yafaa kujulikana. Lakini yakishapangwa, mwili wa barua huwa orodha: kwanza serikali ifanye hivi, pili wazazi wafanye vile, tatu vijana wajiepushe. Hakuna mahali palipotajwa, hakuna hesabu, hakuna mtu aliyeona jambo, wala hakuna neno moja la kumjibu yule asiyekubali. Barua hiyo ina mavazi yote ya barua isipokuwa mwenye kuvaa.

Hali kadhalika kwa methali. Kijana hupewa “Haraka haraka haina baraka” akatunga kisa cha mtu aliyeharakisha akaumia. Kisa kimekwisha kabla ya kuanza, kwa kuwa mwisho wake umo katika swali. Lakini lugha yetu haikuacha methali hiyo itawale peke yake, iliweka kando yake “Ngoja ngoja huumiza matumbo.” Waliosema hivyo walikuwa wakibishana. Kumpa mwanafunzi wa kidato cha tatu methali hizi mbili pamoja, na kumtaka aonyeshe ni lini moja ni kweli na ni lini nyingine, ni kumfundisha kupambanua. Kumpa moja na kumtaka aithibitishe ni kumfundisha kuitikia.

Yamkini mtu atasema kwamba kutaka msomaji ni fikira ya kigeni. Sivyo. Maandishi yetu yaliyodumu yaliandikiwa watu. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mama yule alikuwa mgonjwa, na miongoni mwa mambo ya kwanza afanyayo katika utenzi ni kumwita binti akae karibu, pamoja na wino na karatasi. Mwalimu wa utungaji hatapata somo lililo bora kuliko hilo: kabla ya nasaha, msomaji ameketishwa. Na kwa kuwa aliketishwa yule mmoja, maelfu wameweza kuketi nyuma yake hata leo.

Shaaban Robert alishika njia hiyo hiyo. Hati aliitunga kwa ajili ya binti yake Mwanjaa, na Adili kwa ajili ya mwanawe Suleiman. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua za tangu 1931 hata 1958 zilitolewa kitabu mwaka 2002. Humo twamwona bingwa wa nathari ya Kiswahili akifanya kazi ambayo hapana alama wala tuzo ndani yake: kumweleza mtu mmoja mambo ya jamaa na ya maisha hata aelewe. Hapana shaka mkono ulioandika vitabu vyake ulizoezwa pia na barua zile.

Mwaka 1954 Shaaban Robert alitoa kitabu kiitwacho Kielezo cha Insha. Jina hilo lastahili kufikiriwa, maana ugomvi wote wa ufundishaji wetu umo ndani yake. Kielezo si kalibu. Kalibu humiminiwa kitu kikatoka kwa umbo lile lile. Kielezo hutazamwa, kikaulizwa maswali, kisha kikawekwa kando. Mwanafunzi akipewa insha njema aulizwe: mwandishi huyu alimdhania msomaji wake anajua nini? Alihofu atapinga wapi? Kwa nini neno hili limetangulia na lile likafuata? Maswali haya yakikosekana, kielezo hugeuka kalibu mara moja, na darasa la watu 50 hutoa insha 50 za umbo moja, kama matofali.

Kwa ufundi wa kushawishi hatuna haja ya kutafuta mbali. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka tena baada ya kusahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Jambo hilo lenyewe ni somo: mkuu wa nchi hakuona aibu kuirudia kazi yake iliyokwisha kuchapishwa, na sisi twamwachia mtoto wa miaka 17 aamini kwamba rasimu yake ya kwanza haina haja ya pili.

Ndani ya mchezo huo mna hotuba mbili juu ya maiti moja, mbele ya umati mmoja. Bruto hutangulia. Husema kwa nathari, hutoa sababu, huweka heshima yake kuwa dhamana, umati humkubali, naye huondoka. Antonio hufuata. Yeye huanza kwa kukubali aliyosema mwenzake, kisha huonyesha vazi lililotobolewa na majambia, hutaja wasia na kuchelewa kuusoma, na watu wale wale waliomshangilia Bruto wanaondoka na moto mikononi. Wanafunzi na waulizwe: Bruto alikosea wapi? Wataona kwamba kosa lake halikuwa la sarufi. Aliudhania umati kuwa watu wa namna yake, akaondoka kabla ya kuona maneno yake yamefanya nini. Kisha wapewe kazi: andika upya hotuba ya Bruto, ukijua kwamba Antonio atasema baada yako. Kazi hiyo moja hufundisha kupanga hoja, kumjibu mpinzani kabla hajafungua kinywa, na kupima uzito wa neno, kuliko insha 10 za kuthibitisha methali.

Na inapaswa kufundisha jambo la nne, ambalo wengi hulisahau wanaposifu ufasaha. Antonio alishinda, na ushindi wake ulileta mauaji ya mtu asiye na hatia, mshairi Sina, aliyeuawa kwa sababu ya jina lake tu. Kijana anayefundishwa kuvuta watu bila ya kufundishwa kutambua anapovutwa amepewa kisu bila ya ala.

Kuhusu majibizano, mila yetu ilikuwa na shule yake kabla ya shule. Washairi wa Mombasa wa zama za Muyaka bin Haji walirushiana beti. Mmoja akifunga fumbo, mwingine alifungua. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilipokea mashairi na barua za wasomaji, na watu wa miji mbalimbali wakajibizana. Mtunzi wa siku zile alijua kwamba neno legevu lingerudishwa mlangoni kwake. Hakuna mwalimu wa sarufi mkali kama mpinzani atakayejibu. Darasani yatosha insha ya mwanafunzi mmoja ipewe mwenzake aijibu kwa maandishi, kisha ya kwanza iandikwe upya kwa nuru ya jibu.

Hapa mwalimu atauliza kwa haki: nani atasahihisha? Mwenye madarasa matatu ya wanafunzi 50 ana insha 150. Akitumia dakika 10 kwa kila moja, ni saa 25. Ukiongeza rasimu ya pili, atalala lini? Jibu ni kwamba si lazima kila maandishi yapite chini ya wino mwekundu. Rasimu ya kwanza isomwe na wanafunzi wenyewe, nao waandike mambo mawili tu: nilichoelewa, na mahali nilipopotea. Mwalimu asahihishe ya pili, tena kwa jambo moja alilolitangaza mapema. Insha nne kwa muhula, kila moja ikiandikwa mara mbili, zina faida kuliko insha 10 zilizotupwa baada ya kupewa alama.

Wakati wa mabadiliko haya ni sasa. Mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini ulifika sekondari ya juu mwaka 2026, na wa mwisho wa mfumo uliotangulia wanatazamiwa kufanya mtihani wao mwaka 2027. Mtaala huu umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake wa msingi, na unaruhusu kazi za darasani zihesabiwe. Lakini jina jipya halimfanyi mzee kuwa kijana. Tukiingia humo na kalibu zetu, tutatoa matofali yale yale chini ya nembo nyingine.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeagiza wananchi washirikishwe katika utawala. Agizo hilo ni tupu ikiwa mwananchi hajui kuandika neno likasikilizwa. Kijana wa kata fulani ambaye bomba la kijiji chao limekauka anahitaji kujua ofisi ipi ina uwezo, mwenye ofisi anajua nini, atatoa udhuru gani, na ni maelezo yapi yatauondoa udhuru huo: tarehe maji yalipokatika, idadi ya nyumba, umbali wa kisima. Akiandika kwamba majogoo yalikuwa yakiwika na akina mama wakilia machozi njia mbili mbili, barua yake itasifiwa na kuwekwa kando, na mama yake ataendelea kuamka usiku kufuata maji.

Huo ndio mtihani ambao hauna msimamizi wala kengele, nao hufanywa maisha yote. Shule ambayo haikumwandaa kijana kwa huo, hata ikimpa alama 20 katika 20, imempa sauti bila ya masikio ya kuipokea.