Kiatu cha mguu uliokufa ganzi

Kwa muda mrefu wauzaji wa viatu vya mbio walifuata kanuni nyepesi: tazama upinde wa wayo, kisha chagua kiatu. Mwenye wayo bapa apewe kiatu kigumu upande wa ndani ili mguu usilale, mwenye upinde mrefu apewe chenye sponji nyingi, na wa kati apewe cha kati. Jeshi la Marekani liliamua kuipima kanuni hiyo kwa makuruta wake wa nchi kavu, wa anga na wa Marine. Nyayo zao zilikaguliwa wakiwa wamesimama. Kundi moja likapewa viatu kwa kufuata umbo la wayo, na jingine likapewa aina moja tu bila kujali umbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 yalikuwa yale yale katika vikosi vyote vitatu: kumchagulia mtu kiatu kwa umbo la wayo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana.

Sishangai. Umbo la mguu uliosimama tuli linaeleza machache kuhusu mguu unaokimbia, na mfupa wa muundi hupata ufa kwa sababu nyingi ambazo upinde wa wayo hauzijui: mazoezi yaliyoongezwa ghafla, uchovu, majeraha ya zamani. Kipimo kilikuwa mbali na dhara lililotakiwa kuzuiwa. Ndiyo sababu ninapoulizwa ni wapi bayomekaniki imefika karibu zaidi na kumpa kila mtu kiatu chake, siwataji wanariadha. Nawataja wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni.

Kwao dhara linajulikana, na mahali linapotokea panaweza kuwekewa kidole. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva za miguu. Misuli midogo ya wayo hudhoofika, vidole hujikunja, na vichwa vya mifupa vilivyo nyuma ya vidole hubaki vikikandamiza ngozi bila mto wa kutosha wa mafuta. Ngozi hujihami kwa kuota sugu, na sugu yenyewe huongeza mkandamizo. Mtu mwenye hisia angechechemea au angevua kiatu. Huyu hasikii kitu. Anaendelea kukanyaga pale pale, hatua maelfu kwa siku, mpaka nyama ya ndani inachanika na kidonda kinafunguka. Hapa Tanzania, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa wa namna hii waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Ganzi inaweza kufika hapo.

Aliyefungua njia ya kulielewa jambo hili ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyewatibu wagonjwa wa ukoma, ambao nao hupoteza hisia miguuni, huko Vellore, India, na baadaye Carville, Louisiana. Watu walidhani nyama ya mwenye ukoma inaoza yenyewe. Brand alionyesha kwamba vidonda vingi vya nyayo vinatokana na mkandamizo mdogo unaorudiwa mahali pamoja. Chanzo kikishakuwa nguvu inayopimika, fundi viatu anaingia katika timu ya tiba, tena kwa haki kabisa.

Hesabu yake ni ya darasani. Shinikizo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kwa eneo la sentimita za mraba 100, shinikizo la wastani ni kama kilopaskali 69. Uzito huo huo ukiangukia sentimita za mraba 20, linafika takriban 340. Kazi ya kiatu ni kutafuta eneo lililokaa bure, hasa chini ya upinde, na kulibebesha sehemu ya mzigo uliokuwa umelundikana kwenye mfupa mmoja. Ugumu ni kwamba kila mguu una mlundikano wake.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni lile la Uholanzi lililoitwa DIAFOS, lililoongozwa na Sicco Bus wa Amsterdam na kuchapishwa mwaka 2013. Lilihusisha wagonjwa 171 ambao vidonda vya nyayo vilikuwa vimepona karibuni. Wote walikuwa na viatu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya miguu yao. Lakini kwa nusu yao, kiatu kilipokamilika kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Kati ya wayo na soli ya ndani iliwekwa karatasi nyembamba iliyojaa vihisi, mgonjwa akatembea, na kompyuta ikaonyesha kila hatua inalemea wapi. Walilenga mahali pa kidonda cha zamani na sehemu nyingine zilizolemewa kupita kiasi. Kisha kiatu kilirudi mezani kwa fundi. Alichimba kidogo soli ya ndani chini ya mfupa uliochomoza, akabandika kinundu nyuma ya vichwa vya mifupa ili kiubebe mzigo mapema, akabadilisha sponji, au akaipinda soli ya nje ili mguu ubiringike badala ya kukunjika kwenye vidole. Mgonjwa akatembea tena, kipimo kikachukuliwa tena. Lengo lilikuwa shinikizo lipungue kwa angalau asilimia 25, au lishuke chini ya kilopaskali 200. Kila baada ya miezi mitatu kiatu kilipimwa upya, kwa kuwa sponji huchoka.

Naupenda utaratibu huu kwa sababu unamlazimisha mtaalamu athibitishe. Fundi hodari anaweza kubandika kinundu milimita chache mbele ya pale panapotakiwa, na badala ya kuupunguza mzigo akauongeza. Kwa macho haonekani amekosea. Mgonjwa naye hawezi kumwambia, maana maumivu ambayo yangesema yamekwisha kuzimika. Kihisi kinasema kwa niaba yake.

Matokeo ya miezi 18 yalihitaji kusomwa kwa makini. Vidonda vilirudi kwa asilimia 38.8 ya waliorekebishiwa viatu, na kwa asilimia 44.2 ya wenzao. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuaminiwa. Lakini watafiti walikuwa wameweka ndani ya viatu kifaa kidogo kinachotambua kwa joto kama kuna mguu ndani, na wakahesabu hatua kwa kifaa kingine kilichofungwa mguuni. Miongoni mwa waliovaa viatu hivyo kwa angalau asilimia 80 ya hatua zao, vidonda vilirudi kwa asilimia 25.7 upande wa viatu vilivyorekebishwa, dhidi ya asilimia 47.8 upande wa pili. Hiyo ni karibu nusu. Tena vipimo hivyo vilifichua kwamba viatu vilivaliwa sana nje na kuachwa nyumbani: asilimia 87 ya hatua za nje zilipigwa ndani ya kiatu, na asilimia 61 tu za nyumbani.

Takwimu hiyo ya nyumbani inatugusa kuliko inavyowagusa Waholanzi. Kwetu viatu huachwa mlangoni. Ni adabu ya nyumba, na kwa wengi ni usafi wa mahali pa kuswalia. Kumwambia bibi wa Tanga atembee sebuleni na buti la ngozi la hospitali ni kumpa ushauri atakaoukataa kimya kimya, kisha atazunguka siku nzima pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Waholanzi wenyewe baadaye waliwatengenezea wagonjwa viatu vya pili vyepesi vya ndani ya nyumba, vyenye soli ile ile iliyopimwa, na uvaaji ukaongezeka. Kwa maoni yangu kliniki zetu zianzie hapo: ndala iliyofungwa nyuma, yenye soli ya ndani iliyotengenezwa kwa mguu wa mtu huyo, ambayo haikanyagi nje kamwe.

Karatasi ya vihisi ni ghali, lakini kazi haina haja ya kusimama kwa ajili yake. Upo mkeka wa mpira wenye vijimistari vya kimo tofauti. Hupakwa wino, hufunikwa karatasi, na mgonjwa huukanyaga akipita. Palipolemewa zaidi hutokea peusi zaidi. Huo unamwonyesha fundi pa kuchimba, ingawa hauwezi kumwambia kinachotokea ndani ya kiatu kikishavaliwa. Kwa hilo tuna joto la ngozi, linalopanda pale panapoumizwa, ambalo Brand alilipima kwa kiganja chake na leo hupimwa kwa kipimajoto cha mionzi. Mahali pamoja pa nyayo zote mbili pakilinganishwa na upande mmoja ukazidi kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi, mgonjwa apunguze kutembea na kiatu kirudi kwa fundi siku hiyo hiyo, hata kama ngozi bado ni nzima.