Kilichoachwa Nje: Ukale katika Hadithi ya Vibonzo ya Atomic Robo

Atomic Robo, hadithi ya vibonzo ya Brian Clevinger na Scott Wegener iliyoanza kuchapishwa mwaka 2007 na kuhamia mtandaoni mwaka 2015, inamsawiri roboti aliyeundwa na Nikola Tesla mwaka 1923. Siafu majitu anaopambana nao wanakumbusha filamu ya Them! (1954), iliyozaliwa na hofu ya majaribio ya nyuklia. Hapa hofu hiyo imekuwa kejeli ya mtu aliyechoshwa na kazi yake.

Uzito wa kazi hii hauko katika kuiga, bali katika kuchagua cha kuacha. Tarehe 7 Januari 1929, vibonzo vya magazeti vya Buck Rogers na Tarzan vilianza siku moja nchini Marekani, na Tarzan iliifanya Afrika pori la kushindiwa ushujaa na mgeni. Clevinger amerithi kasi ya vibonzo vya aina hiyo, akauacha ubaguzi wao. Hata hivyo, kuacha si kujibu: msomaji kijana huufurahia ukale huo bila kujua kilichofutwa.

Mfasiri wa Kiswahili, naye, atalazimika kuchagua. Dr. Dinosaur, mpenda fuwele anayejidai bingwa wa sayansi, azungumze kama mhadhiri au kama mganga wa matangazo ya ukutani? Jibu la pili linachekesha zaidi.